Muhuri wa Shehia

Amenikabidhi kopo la biskuti, la bati,
lile lenye picha ya malkia aliyefutika uso.
Ndani yake muhuri, kidau cha wino,
madaftari kumi na saba yaliyofungwa kwa kamba ya usumba,
na ufunguo mmoja asioukumbuka ni wa mlango gani.
"Hesabu," akasema. Nikahesabu.
"Tia saini." Nikatia.
Miaka thelathini na mmoja ikahama mkono
kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Sheha Faki Mshindo. Kule kwetu, Konde kwenda juu,
hakuna aliyezaliwa, aliyeoa, aliyezikwa,
asipite chini ya kidole chake gumba.
Mipaka ya mikarafuu aliipima kwa nyayo,
nyayo zake, maana alisema za wenye mali hurefuka.
Mwaka wa kipindupindu alilala skuli siku tisa
akibeba ndoo, akikoroga chumvi na sukari,
na waliokufa aliwaandika kwa kalamu ya risasi,
kama kwamba kesho huenda ikatokea ni makosa.
Mabomba yalipokohoa upepo badala ya maji
alikwenda Wete kwa miguu, akarudi na fundi
kamshika mkono wa shati kama mwizi.
Haya nayasema kwanza. Ni haki yake.

Sasa la pili.
Nilikuwa na miaka kumi na minane na buibui la kuazima,
nimesimama mbele ya meza yake nikitaka barua
ya kitambulisho; na bila kitambulisho, hakuna kura.
Foleni ilizunguka choo cha skuli mara mbili.
Akanitazama. Huyu aliyekula pilau ya akika yangu,
aliyenitoa mwiba unyayoni nikiwa darasa la pili.
"Mwana wa nani weye?"
Wa Shaame Bakar, nikasema. Nyumba ya tatu kutoka kwako.
Akapekua daftari polepole, kama asomaye khitima,
akasema bila ya kuinua macho:
"Sikujui."
Nikahisi mlango wa nyumba niliyozaliwa
unafungwa kwa nje.

Baba alisema, katumwa yule, na mjumbe hauawi.
Mama, akipeta mchele: mjumbe ana mikono.

Nifupishe. Nikasoma, nikafundisha,
zama zikageuka kidogo, si sana,
ikaja barua ya uteuzi yenye jina langu.
Wengine wakapiga vigelegele. Wengine wakatema mate.

Jana usiku nikafungua madaftari.
Mwaka ule. Mwandiko wake mwembamba.
Nikalitafuta jina langu nipate kulichukia vizuri,
nikalikuta: hajulikani.
Juu yake, hajulikani. Chini yake, hajulikani.
Na mstari wa saba kutoka mwisho, wino uleule,
herufi zisizotetemeka: Mshindo Faki Mshindo,
miaka ishirini na mmoja, fundi baiskeli, hajulikani.
Mwanawe. Wa pekee, wa chumba cha uani,
aliyepanda boti mwezi ule akawa mtu wa Tanga.
Nikakaa na taa mpaka mafuta yakaisha.
Sikumsamehe. Ila chuki yangu,
niliyoitunza kama dhahabu ya harusi,
ikawa haijui tena ikae wapi.

Leo asubuhi amekuja. Kapanga foleni
nyuma ya mtu aliyepotelewa na ng'ombe,
kofia yake imefuliwa hata maua yamepauka.
Anataka barua ya pensheni ya wazee:
lazima sheha athibitishe kuwa ni mkaazi.
Nikafungua daftari jipya.
"Jina?"
Akanyamaza. Nje, pikipiki,
na watu wakianua karafuu mbio, mvua inanukia.
"Wanijua," akasema, chini kwa chini,
na ilikuwa nusu habari, nusu swali.

Wino umekauka. Nikauinua muhuri mdomoni,
nikaupulizia pumzi, haa, ya moto,
kama nilivyomwona yeye akifanya
kwa wale aliowajua.